Vijana wa Kilifi, mashine zimefika. Sasa tuchore mipindo yetu wenyewe

Shika barabara kuu kutoka Mtwapa uje hadi Mambrui, halafu hesabu mageti. Si lazima uhesabu yote, kumi yatosha. Utaona bata maji wawili waliogusanisha midomo, utaona mashada ya zabibu, utaona simba aliyesimama kwa miguu miwili kama wa nembo ya mfalme fulani wa Ulaya. Zabibu, Malindi! Sisi wa minazi, mikoko na mikanju. Geti la Kikambala na geti la Gongoni ni pacha, na ukimuuliza fundi mchoro ameutoa wapi atakujibu bila kusita: mtandaoni.

Sina ugomvi na mashine. Hizi mashine za CNC, yaani zile zinazoongozwa na kompyuta kukata bamba la chuma kwa plazma, mbao kwa kisu kinachozunguka au plaiwudi kwa leza, ni baraka kwa kijana asiye na mtaji wa kuajiri mafundi kumi. Ugomvi wangu ni na faili tunazozilisha. Tunajifunza kubonyeza "kata" kabla hatujajifunza kuchora, na kitu tunachokwepa zaidi kuchora ni mstari wa kupinda, mpindo, kama nitakavyouita hapa. Mstari ulionyooka kila mtu anauweza. Mpindo ndio unaomtenga fundi na mpiga chapa, na ndio wenye pesa.

Hebu tuangalie kinachotokea. Kijana anapiga picha ya ua au nakshi kwa simu, anaiweka kwenye programu, anabonyeza kitufe cha kufuatisha picha, na mistari inajitokeza. Kwenye skrini inapendeza. Lakini programu haijui ua ni nini. Inafuata ukingo wa rangi tu, na kila kivuli na kila vumbi la kamera inalihesabu kuwa sehemu ya mchoro. Mpindo ambao ungetosha kuchorwa kwa nukta tatu unakuja na nukta mia na ushee. Halafu faili hiyo inaenda kwa mashine.

Mashine nayo ni tiifu kupita kiasi. Kwenye kila nukta inapunguza mwendo, inageuka kidogo, inakaza mwendo, inapunguza tena. Ikiwa ni plazma, moto unakawia pahali pamoja, unakula chuma kuliko ulivyotakiwa, na makapi yanagandia upande wa chini. Ikiwa ni mbao, kisu kinasugua pale pale hadi ukingo unaungua na kuwa mweusi. Pitisha kidole, utahisi meno. Sasa anaitwa kijana wa grainda asage nusu siku kazi ambayo mashine ilinunuliwa iifanye. Muda wa mashine umelipiwa, diski za grainda zimenunuliwa, tokeni za stima zimekwisha, na mteja bado anauliza mbona geti lake linakwaruza mkono. Hasara yote hiyo haikuanzia kwenye chuma. Ilianzia kwenye nukta.

Wengi hudhani elimu ya mipindo ya kompyuta ilishuka kutoka angani kama mawimbi ya setilaiti kule San Marco, Ngomeni. Kumbe ilitoka kwa watu wa kuunda vyombo vya bahari. Kabla ya kompyuta, wachoraji wa meli Ulaya walichora meli kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu ya ghala. Walichukua ufito mwembamba wa mbao, wakaupinda upite kwenye alama walizozitaka, wakaushikilia kwa vipande vizito vya risasi. Ufito una tabia moja: hautaki kupinda ghafla. Unaugawa mpindo wote polepole kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, ndiyo maana ubavu wa meli unakuja laini. Ufito huo waliuita splaini. Mwaka wa 1946 mwanahisabati Isaac Schoenberg alilichukua jina hilo akalipa milinganyo yake, na leo ukifungua AutoCAD au FreeCAD utalikuta pale kwenye menyu likikungoja.

Baadaye wakaja Wafaransa wawili wa viwanda vya magari. Paul de Casteljau alikuwa Citroën, Pierre Bézier alikuwa Renault. Shida yao ilikuwa ile ile uliyo nayo wewe na geti lako: utaiambiaje mashine ikate umbo lililopinda, bila kutegemea mkono wa mtu kunakili? Kila mmoja alifika kivyake kwenye njia ile ile. De Casteljau alitangulia, mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini Citroën waliifungia kazi yake kama siri ya kampuni. Bézier akachapisha yake miaka ya 1960. Matokeo ni kwamba dunia nzima inaiita mipindo ya Bézier, na yule mwingine wanamjua wachache. Weka hilo akilini, tutalirudia tukifika kwenye malipo.

Sasa linganisha na kwetu. Jahazi la Pwani huundwa bila mchoro wa karatasi. Fundi huchagua taruma kutoka kwa mti uliopinda wenyewe, na ubao akiutilia shaka huinama, akafumba jicho moja na kuutazama kwa ncha, toka mwisho hadi mwisho. Ukiutazama ubao kwa juu hutaona kitu. Ukiutazama kwa pembe ile, kinundu kidogo kinajitokeza kama kilima. Mwaka wa 2018 kule Lamu, Ali Skanda na wenzake walizindua Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, likavishwa champali kuukuu za rangi zote. Mwaka uliofuata likateremka pwani yetu hii hadi Zanzibar, safari ya kilomita kama 500. Plastiki ile haikuwahi kuwa mti, haikuwa na nyuzi wala mpindo wa kuzaliwa. Walioipa umbo ni watu waliokwisha kuwa na mpindo kichwani.

Jicho lile la seremala unaweza kulihamishia kwenye kompyuta. Nakili mchoro wako, kisha ubane urefu wake hadi robo huku upana ukiuacha ulivyo. Vinundu vyote ulivyodhani havipo vitakutolea macho. Ukishavirekebisha kwenye mchoro wenyewe, itupe ile nakala. Ni hila ya dakika moja tu, na sijui kwa nini haiwi somo la kwanza.

Kuchora kwenyewe si uchawi. Mpindo wa Bézier una nukta mbili za mwisho, na kila nukta ina mkono. Mstari unatoka kwenye nukta ukielekea mkono unakoelekea. Mkono ukiwa mrefu, mstari unashikilia mwelekeo ule kwa muda kabla ya kukubali kugeuka. Mipindo miwili ikikutana kwenye nukta moja, mikono ya pande zote mbili ilale kwenye mstari mmoja ulionyooka, la sivyo utapata kona. Weka nukta pale umbo linapofika kikomo cha kwenda juu, chini, kulia au kushoto, na pale linapobadili upande wa kupinda. Kwingine kote niachie mikono ifanye kazi. Duara zima linatoshwa na nukta nne, kila mkono ukiwa takriban 0.55 ya nusu kipenyo. Jani la nakshi kama zile za milango ya Lamu, ukilitazama kwa utulivu, halizidi nukta tano au sita. Ukijikuta unaongeza ya kumi, simama, futa, anza upya.

Na kuna jambo ambalo mafunzo ya video za mtandaoni hulipita haraka. Mashine nyingi za karakana zinaelewa vitu viwili tu: mstari ulionyooka na kipande cha duara. Mpindo wa Bézier ni lazima uvunjwevunjwe uwe vijistari vifupi kabla ya kukatwa. Programu nzuri huuvunja vizuri, mbaya huuvunja ovyo. Kwa hiyo kila panapowezekana kuchora kwa kipande cha duara halisi, chora hivyo.

Ndiyo sababu nakwambia, Jumamosi moja nenda Gede.

Si mbali, magofu yako pale karibu na Watamu, kwenye miti. Wengi wetu tulipelekwa na shule, tukala mandazi, tukakimbizana na nyani, tukarudi nyumbani. James Kirkman alianza kuyachimba mwaka wa 1948, na mwaka wa 2024 UNESCO ikayatia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Safari hii usitazame nyani. Simama mbele ya mlango wa lile jumba la kifalme utazame tao lake: lina ncha juu, na limejengwa kwa mawe ya matumbawe. Tao lenye ncha ni vipande viwili vya duara vinavyokutana. Duara, kwa mtu asiye na kompyuta, ni kigingi na kamba. Kwa hiyo lile umbo linaloonekana gumu, la kifahari, la watu wa kale, lina vitovu viwili na vipande viwili tu. Hakuna umbo ambalo mashine yako italipenda zaidi ya hilo.

Tuseme mteja wa Watamu anataka mlango wa upana wa sentimita 90 wenye tao la namna hiyo. Chora mstari wa chini wa sentimita 90. Kutoka mwisho wa kushoto pima sentimita 60, weka kitovu hapo, chora duara la nusu kipenyo cha 60. Litaanzia kwenye ule mwisho wa kushoto kabisa na kupanda wima. Fanya vivyo hivyo kutoka upande wa kulia. Maduara yanapokatana kwa juu ndipo ncha ya tao ilipo, sentimita 58 hivi kutoka kwenye mstari. Futa mabaki. Tao limekamilika kwa vipande viwili, na kisu kitapita bila kusita hata mara moja isipokuwa pale kwenye ncha.

Mteja akitaka tao refu zaidi, tenganisha vitovu. Kila kitovu kikifika kwenye mwisho wa mstari ulio ng'ambo, nusu kipenyo kinakuwa sawa na upana, na tao linapanda hadi sentimita 78. Vitovu vikikaribiana hadi kukutana katikati, umerudi kwenye nusu duara la kawaida, urefu 45. Katikati ya 45 na 78 kuna matao mengi mno, na kila moja lina sura yake: moja la msikiti, moja la nyumba ya wageni, moja la dirisha dogo la ngazi. Vipimo nilivyotoa ni vya mfano. Vya Gede beba tepu ukajipimie, uombe ruhusa kwa wasimamizi wa pale, na usiegemee mawe. Utagundua pia kwamba mkono wa mtu na umri wa jiwe havikubali upande wa kushoto na wa kulia ulingane sawasawa. Utaamua mwenyewe kama utaunyoosha au utauacha. Mimi ningeuacha kidogo.

Najua jibu la baadhi yenu: "Faili ziko za bure, mbona nijisumbue?" Sawa. Lakini faili ikiwa ya bure kwako, ni ya bure pia kwa jirani yako na kwa mwenye karakana kubwa Mombasa ambaye ana mashine mbili na lori la kuleta kazi hadi mlangoni kwa mteja. Ukishindana naye kwa faili ile ile, mnashindana kwa bei ya dakika, na hapo huna lako. Ukiwa na tao ulilopima Gede na kulichora mwenyewe, hana pa kulipata. Wenye nyumba za wageni kutoka Watamu hadi Malindi hawakosi pesa za kununua mlango wenye sura ya Pwani. Wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kuwaonyesha mchoro uliochorwa kwa ajili yao.

Upande wa pili wapo wazee wetu wa patasi, wanaosema mashine imekuja kuwanyima riziki. Hofu yao ina msingi, ila naomba wasikilize jambo moja la kiufundi. Kisu cha mashine ni cha mviringo. Kisu cha milimita 6 hakiwezi kuchonga kona ya ndani iliyo kali kuliko mpindo wa nusu kipenyo cha milimita 3. Sasa itazame nakshi: kila petali linapokutana na mwenzake ndani, pana ncha kali kama ya sindano. Kisu hicho kikifika hapo kinaacha kona butu. Vipo visu vyenye ncha vinavyoweza kupanda na kuisogelea ile kona, lakini kina cha nakshi kikizidi, navyo vinasalimu amri. Hapo ndipo patasi ya mzee inaporudi kazini. Mashine iondoe unyangarika wa kazi, mzee amalizie kona na kuupa uso uhai, na kijana aliyechora awe amemwachia mzee nyama ya kutosha kwenye ubao. Ukichora bila kumuuliza atakata wapi, utamkabidhi ubao uliokwisha kuharibika. Kwa hiyo, kijana, kabla ya kutuma faili nenda na karatasi iliyochapishwa, mwamkie, umwambie, "Mzee, hebu nichoree hapa kwa kalamu mahali patasi yako itapita." Hicho ni kikao cha robo saa kinachookoa ubao wa mbambakofi ambao huupati kila siku.

Vyuo vyetu vya ufundi vinapenda mashine kuliko vinavyopenda uchoraji. Mashine ina picha ya uzinduzi, ina utepe wa kukata. Somo la uchoraji halina. Somo la kuchora na kusanifu limekuwa kwenye KCSE miaka na miaka, lakini shule zinazolifundisha ni chache. Kaunti ikitaka kutusaidia, iweke kompyuta kumi zenye Inkscape na FreeCAD, programu za bure zisizohitaji leseni ya mtu, na imlipe seremala wa vyombo siku moja kwa wiki afundishe jicho. Sitaki kusema mengi hapa, maana tukingoja kaunti tutazeeka.

Lakini kuna mpindo mmoja ambao sitaki uuguse, na nitakwambia waziwazi. Ni ule wa kigango. Wagiriama huchonga kigango kwa ajili ya mwanachama wa Gohu aliyefariki: kichwa cha duara, mwili wa ubao wenye pembetatu zilizochongwa, maua ya miduara yaliyogawanywa kwa usawa. Ukikitazama kwa jicho la kompyuta utashawishika, kwa sababu chote ni bikari na rula. Ungekimaliza kabla chai haijapoa. Urahisi huo ndio hatari yake. Kigango hakichorwi kwa kupamba. Kinasimamishwa kwa ajili ya mtu, na hakihamishwi. Kwa miaka mingi viling'olewa usiku vikauzwa kwa watalii na kuishia kwenye kabati za makumbusho ng'ambo, na familia zikabaki zikihesabu misiba. Makumbusho ya Denver, Marekani, yalirudisha vigango 30 mwaka wa 2019. Watu wamepigania vile vitu virudi nyumbani, halafu mimi na wewe tuvikate kwa plazma viwe geti la hoteli? La. Mteja akikuletea picha ya kigango, mwelekeze Gede, mwelekeze kwenye nakshi za milango, mwelekeze kwenye mpindo wa omo la mashua. Akishikilia, mwache aende. Na kama una shaka kuhusu alama yoyote ya Kimijikenda, wazee wa kaya wapo, waulize kabla ya kufungua kompyuta.

Sasa turudi kwa wale Wafaransa wawili. De Casteljau alikuwa na mpindo kabla ya Bézier, lakini jina likaenda kwa aliyeruhusiwa kuionyesha kazi yake. Milango mingapi ya Pwani unaijua jina la mchongaji wake? Kwa hiyo ukichora, andika jina lako, tarehe na vipimo kwenye tabaka la mchoro ambalo halikatwi, na uhifadhi faili ya asili yenye nukta zako. Mteja mtumie picha kwanza, si faili. Kwenye risiti tenga bei mbili: ya kuchora na ya kukata, ili hata akienda kukatia kwingine uwe umelipwa kwa kichwa chako. Akitaka faili yenyewe ili akate mageti mengine kumi, hiyo ni bei ya tatu, na usione haya kuitaja.